Kilichokuwa Ndani ya Mto wa Sufi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo. Kwetu Micheweni binti akiposwa hutafutiwa mwanamke wa kumfunda, na kwa miaka mingi mwanamke huyo alikuwa yeye. Hukaa ndani na bibi harusi siku saba za fungate, akamfundisha anayopaswa kuyajua, na akitoka humo hakuna anayethubutu kumuuliza neno. Hata mimi alinifunda yeye. Alichonifunda sitakisema, kwa hiyo anayesoma kwa ajili hiyo aishie hapa.

Magoti yalipoanza kumsumbua nikamwomba nimrikodi kwenye kompyuta yangu. Wakati huo nilikuwa karani wa ofisi moja Chake Chake, naishi Tibirinzi kwa mume wangu, na nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya kompyuta ya wiki mbili. Wiki mbili zinatosha kumvimbisha mtu kichwa.

"Wambaje?" bibi akasema. "Sauti yangu ikae humo, kisha mwanamme abonyeze aisikie? Toba!"

Nikamweleza kwamba kompyuta inaweza kufungwa, kila kilichomo kikavurugwa, asiye na neno la siri akaona takataka tupu.

"Hata fundi?"

"Hata fundi."

"Hata mumeo?"

"Hata mume wangu, bibi."

Hilo la mume ndilo lililomridhisha. Akaweka sharti moja zaidi: isiwepo nakala mahali pengine popote. "Nguo ya ndani haianikwi nyua mbili," alisema. Nikaapa.

Nilikwenda Micheweni kila Jumamosi kwa wiki sita. Alizungumza, akaimba, akanikaripia kwa kuangalia kile kitaa chekundu badala ya kumwangalia yeye. Jumamosi ya mwisho akaniambia niiwashe mashine kisha nitoke.

"Hii si yako. Hii ya kitukuu changu, siku yake ikifika."

Kitukuu chake ni binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Nikatoka, nikakaa uani kupaa samaki. Aliponiita nikaizima, nikahifadhi, na sikusikiliza, kwa sababu haikuwa yangu. Bibi akafariki mwaka ule ule, kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Sasa, siku nilipoifunga ile kompyuta, ilinipa namba ndefu, tarakimu sita sita, mafungu manane. Ikaniambia niihifadhi vizuri, kwani iko siku huenda ikakataa neno langu la siri na kuitaka namba hiyo. Nyumba zetu zina unyevu, na karatasi ikinusurika na unyevu italiwa na mchwa. Nikaiandika kwenye karatasi nzito, mistari minne, kila mstari mafungu mawili. Nikaikunja ndogo, nikaizungushia nailoni, kisha nikaishonea ndani ya kipande cheusi kilichobaki kwenye buibui langu. Nikafumua mto wa sufi anaolalia mume wangu, maana ulikuwa mnene kuliko wangu, nikakisukumiza katikati na kuushona tena. Nani atapekua mto?

Mwanamke yeyote wa Pemba anayesoma hapa ameshajishika mdomo. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimesoma kompyuta.

Baada ya kama miaka miwili umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikafa. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Alibadilisha ubao wa ndani, ikawaka, lakini badala ya kuniuliza neno langu la siri ikatoa kioo cha buluu na kudai ile namba ndefu.

"Unayo?" fundi akauliza.

"Ninayo nyumbani," nikamjibu, na nakiri nilimjibu kwa maringo.

Nikarudi nyumbani, nikachukua mkasi, nikaufumua mto. Nikachambua sufi yote mpaka ikanijaa kichwani na puani. Hamna kitu. Nikaanza upya. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ambaye tunakaa naye, akatokea mlangoni. Akaitazama ile sufi, akanitazama mimi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Unatafuta kile cheusi?"

"Ndiyo, mama! Kumbe unajua kilipo!"

"Nilikitoa," akasema, ameinamisha macho. "Mwaka juzi, siku ile uliyokwenda Wete, nilianika mito. Sufi imegandana, nikaifumua niichambue, nikakikuta. Nikakifungua. Tarakimu tupu, hamna hata neno moja. Nikakitia maji ya chumvi, nikakisomea Ayatul Kursiyyu mara saba, nikakikausha, nikakichoma. Jivu nikalimwaga baharini."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie nini, mwanangu? Kwamba najua unamfanyia mume wako? Nilikusitiri. Hata yeye mwenyewe sijamwambia mpaka leo. Na nikaona Mungu kakuongoa, maana tangu siku ile hamgombani."

Watu wakisikia hapa hucheka, na siku hizi hucheka nao. Siku ile sikucheka. Nilikuwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mavyaa wake. Miaka miwili nimepikiana naye, nimekula naye sinia moja, na muda wote huo aliniona mchawi akanyamaza! Kisha nikamweleza namba ile ilikuwa ya nini. Alisema "Lahaula" mara nyingi, akaanza kulia, na katikati ya kulia akaniuliza kama sizikumbuki hata nusu. Zilikuwa tarakimu arubaini na nane. Nilizikumbuka mbili za mwanzo, na sina hakika nazo.

Fundi alisema anaweza kuifuta ianze upya.

"Na yaliyomo?"

"Yamo, bibie. Yote yamo. Ila hayafunguki, kwangu wala kwa mtu mwengine. Hukuweka nakala?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Ningemjibu nini? Yeye mwanamme. Nikaichukua kompyuta yangu, nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka juu ya kabati. Huiteremsha mara moja moja, nikaichomeka kwenye umeme, ikaniuliza, nikaizima.

Wanasema majuto ni mjukuu, na mimi ndiye mjukuu mwenyewe. Lakini nisijikuze. Mengi aliyoyasema bibi zile Jumamosi tano nilikuwa nayajua tangu fungate yangu, na niliyoyasahau wanayo wanawake wengine wa Micheweni aliowafunda. Kilichonikaa rohoni ni ile Jumamosi ya sita. Ile haina mtu aliyeisikia.

Mwaka jana binti yangu akaposwa. Siku chache kabla ya nikaha mavyaa wangu, ambaye sasa haoni vizuri, alimwita akamkalisha, akamwambia kwa mdomo wake: alikuwapo bibi aliyekuwekea maneno ya siku hii, na mimi ndiye niliyeyachoma, nisamehe. Mwanangu akambusu mkono, akamwambia bibi usilie, yaliyopita yamepita. Nilidhani yameishia hapo.

Mchana akanijia jikoni. Nilikuwa nageuza wali. Akasimama mlangoni, akachezea ukingo wa kanga yake.

"Mama, kwani hukusikia hata kidogo? Ulikuwa pale pale uani."

Nikamwambia nilikuwa napaa samaki, na kwamba niliparuza kwa nguvu makusudi, nisije nikasikia kisicho changu.

"Hata neno moja?"

"Neno, hapana. Nilisikia akicheka. Alicheka mara mbili."

"Alicheka vipi?"

Nikaweka mwiko chini, nikamwigizia bibi yangu alivyocheka: mara ya kwanza kwa pua tu, mara ya pili mpaka akakohoa. Mwanangu alinitazama mdomo. Kisha akaniomba nirudie.