Tundu la Tatu

Majirani humwita Mama Makopo. Karai bovu, buti la mvua, hata beseni walilooshewa watoto, vyote hutobolewa kwa msumari na nyundo, hujazwa udongo, hupandwa mboga. Ukimuuliza, hujibu bila kuinua macho: “Kilishakufa chenyewe.”

Asubuhi hiyo alikuwa akitoboa tundu la tatu kwenye birika alilolikuta bombani, mke wa kaka yake alipoita kutoka jikoni: “Wifi, umeliona birika la marehemu mama? Isije ikawa umelizika!”

Nyundo ikaganda hewani. Udongo ulikuwa tayari miguuni pake. Angeweza kulijaza na kulichanganya na mengine kabla mlango haujafunguka. Akausukuma udongo kando, akalishika birika kwa mikono miwili.

“Hili, wifi,” akasema, “nimeliua mimi.”