Kovu la Chini ya Kiwele

Nairesiae ni jirani yangu hapa Kwedizinga. Mgongo wake umepinda, akitembea macho yanafagia ardhi. Si uzee. Mumewe alipofariki, shemeji yake Kisemei alikuja kumchukua ng'ombe wao mwekundu wa maziwa. Nairesiae akang'ang'ania kamba, akasukumwa, akaangukia gogo la mlango wa zizi. Baadaye Kisemei akatangaza kuwa yule ng'ombe amekufa kwa ugonjwa. Na kila wakikutana humwita: "Mama Chini-chini, leo umedondosha nini?"

Miaka mitatu hakumjibu. Nikadhani amesamehe.

Mwezi uliopita tulikwenda mnadani, mwanangu mgongoni. Wanaume walisimama kwa mguu mmoja, wameegemea fimbo, wanatazama pembe, nundu, chapa na vumbi la mbali. Mimi pia nikisimama nilimwona ng'ombe mzima. Nilipochuchumaa kumnyonyesha mtoto, nikaona kwato na viwele tu, kama nimeingia mnada mwingine. Kumbe Nairesiae yumo kwenye mnada huo wa chini siku zote.

Akanibana mkono. "Mama Grasiana, yule pale ni wangu."

Ng'ombe mwekundu, chapa mpya, masikio yamekatwa upya. Kamba ameshika Kisemei, anauza.

Nairesiae akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa mnada. "Shikamoo, Mzee Mbwana. Huyu ameibwa kwangu. Nyuma ya kiwele, kushoto, alichanwa na seng'enge. Nilimshona mwenyewe kwa uzi wa shanga, mishono minne."

Kisemei akacheka. "Ameanza, Mama Chini-chini!"

"Basi inama wewe, uwaambie watu hakuna kovu."

Kicheko kikakatika. Kwa wafugaji hawa kukamua ni kazi ya wanawake. Mwanaume mzima hachuchumai chini ya ng'ombe mbele za watu.

"Inama, Kisemei," Mzee Mbwana akasema. "Kama huna wasiwasi."

Akainama nusu. "Sioni kitu."

"Chini zaidi, shemeji. Piga magoti."

Akapiga magoti, shuka lake likagusa kinyesi. Mzee Mbwana naye akachungulia, akahesabu kwa kidole: "Moja, mbili, tatu, nne." Akachukua kamba, akamkabidhi Nairesiae.

Angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alisogea mpaka akamsimamia Kisemei, kichwa chake kikiwa juu ya cha mwanaume yule kwa mara ya kwanza.

"Usinyanyuke kwanza," alisema, taratibu, watu wote wasikie. "Umedondosha nini?"

Sikumhurumia hata kidogo.