Nilimficha Binti Yangu Lori Lilipokuja

Nimekosa! Sina wa kumsingizia. Kosa ni langu mwenyewe, na jina langu naomba lisiandikwe, maana huku kwetu, baina ya Tanga na Pangani, ukimtaja mtu mmoja umeshautaja ukoo mzima.

Kijiji chetu kimepakana na kiwanja cha ndege za vita. Zilikuwa chache, tukazizoea. Mwaka jana tukasikia serikali inataka kuongeza nyingine, zile za mtindo mpya zisizo na panga la kuzunguka puani, zenye ukelele wa kumtoa mtu roho. Lakini kwanza, wakasema, watapima zitadhuru nini.

Basi akaja karani na daftari lake, kijana mwenye adabu. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za visima, mizinga ya nyuki, kuku, wagonjwa. Akafika na kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Humu ndani mna mjamzito? Siku ya majaribio ndege zitapita chini sana. Wajawazito na wagonjwa watachukuliwa na lori mpaka Pangani, watarudi zikishamaliza."

Binti yangu Mwanahamisi alikuwa chumba cha ndani, usingizini. Mimba ya kwanza, miezi saba. Mumewe kamleta kutoka Moa ajifungulie kwangu, kama desturi yetu ilivyo. Nikaitazama ile kalamu ya karani. Mimba ya mwanangu iandikwe, isomwe na kila mtu, ihesabiwe pamoja na kuku? Na macho ya watu yalivyo! Niliogopa husuda kuliko ndege.

"Hamna," nikasema. "Niko peke yangu."

Astaghfirullahi! Hata Mwanahamisi sikumwambia habari ya lori, asije akataka kwenda. Jirani yangu Mwanaidi, mjamzito naye, na mtu pekee aliyejua mimba ya mwanangu, aliandikwa na akalipanda. Nikamcheka moyoni, mjinga mimi.

Siku yenyewe, asubuhi, Mwanahamisi alikuwa uani, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Ndege sikuisikia ikija, nilisikia imeshafika! Sufuria ziliruka, na mimi mtu mzima nikajitupa chini nikasoma shahada. Nilipoinua kichwa mwanangu alikuwa chini. Alikurupuka akimbie, mguu ukanasa kwenye mbuzi, akaangukia tumbo.

"Mama, imekwenda?"

"Imekwenda, mwanangu."

Zikaja nyingine mbili. Nilimlalia juu yake mpaka zikapita.

Jioni alizaa mtoto wa kiume. Hakulia. Tulimzika kimya kimya.

Mngedhani nimekoma. Wallahi sikukoma! Siku ya tatu karani alirudi kuandika madhara. Mmoja alisema kuku wake wameacha kutaga, mwingine mtungi wake umepasuka. Yote akayaandika. Akasimama mlangoni pangu.

"Na kwako, mama? Kuna aliyedhurika?"

Mwanahamisi alikuwa kajilaza nyuma ya pazia, yu macho. Nikisema kweli, karani angeuliza kwa nini hakupanda lori, naye angesikia.

"Tu salama, baba. Alhamdulillahi."

Akaandika. Baada ya miezi mitatu tukaitwa barazani kusomewa majibu. Kuku wamo, mtungi umo. Tukaambiwa visima vitajengewa kuta, na kwa kuwa hakuna mtu aliyedhurika, ndege zitaongezwa. Watu wakanung'unika. Mimi nilitazama miguu yangu, nikaona jasho linanitiririka mpaka kwenye kanda za viatu.

Mwanaidi alijifungua salama. Alituletea uji wa pilipili manga kumpa pole mwanangu, Mwanahamisi akaukataa. "Ni jicho la yule, mama," aliniambia. "Ndiye aliyejua peke yake." Nami nikanyamaza! Mwanamke wa watu hana hatia, leo hatusalimiani naye, na wengine wameanza kumficha watoto wao.

Sasa ndege zimekuja. Kila asubuhi zinapita juu ya paa, nami kila asubuhi nashika ukuta. Na juzi Mwanahamisi, aliyekwisha rudi Moa kwa mumewe, kaniletea salamu: ni mjamzito tena, ana miezi saba, Ijumaa anakuja kujifungulia kwangu. Kasema, "Safari hii, mama, Mwanaidi asijue kabisa."

Mama wenzangu, nawasihi! Akija mtu na daftari kuwauliza nani yumo ndani, semeni. Mtajeni mwanenu, someni dua zenu, kisha mpandisheni lori. Na mkishakosea mara ya kwanza, msingoje mara ya pili.

Mimi lazima nimzuie asije. Lakini nikimzuia ataniuliza sababu, na sababu yenyewe nimeweza kuwaambia ninyi msionijua, yeye bado sijaweza. Leo ni Jumatano.