Moto wa Gereji

Siku hizi mjukuu wangu akisema anapita gereji, ana maana ya mafundi, grisi na kelele za nyundo. Namwacha aende. Mimi neno hilo nililipata kwingine, na bado linanichoma.

Nilipokuwa msichana, nje kidogo ya Njombe, gereji ilikuwa nyumba ya gari. Ilikuwapo moja tu, ya mzungu mwenye shamba la pareto ambaye baba alimtumikia. Ilikuwa na kuta za tofali za kuchoma, sakafu ya saruji na mabati juu. Baba alikuwa mmoja wa walioijenga, na kila jioni alirudi kulala kwenye nyumba yetu ya nyasi, ambamo upepo uliingia bila kupiga hodi.

Miezi ya baridi umande wa Njombe huganda mpaka majani yanavunjika ukiyakanyaga. Gari halikuipenda hali hiyo, asubuhi lilikataa kuwaka. Basi jioni baba alichota makaa yaliyoiva kwenye mafiga ya mama, akayatia kwenye debe lililotobolewa, akaenda kuliweka chini ya injini. Sisi tulibaki tukiota majivu. Mama alimtania kwamba ameoa mke wa pili, tena mpenda joto.

Mwaka mmoja gari liligoma. Likafungwa kamba nyuma ya lori, likavutwa hadi Makambako, pale njia panda, kwa fundi Mhindi. Baba alilisindikiza, akarudi na maajabu. Kule nako kulikuwa na gereji, lakini haikuwa na ukuta wala mlango. Ni uwanja uliojaa oili, magari yamelala nje kwenye ukungu.

"Kumbe gereji ni hospitali!" alisema. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi kile hakikuacha, kikawa kichomi. Moto ukiwashwa, moshi ulimkaba, ukizimwa, alitetemeka. Hospitali ya misheni ilikuwa Uwemba, mbali kwa mgonjwa wa kubebwa, na gari pekee tulilolijua lenyewe lilikuwa kwa fundi. Baba akavua kofia, akaenda kwa bwana. Nilimfuata nikiwa na kikapu cha mayai.

"Bwana, gereji iko tupu. Naomba mke wangu alale humo mpaka kifua kitulie. Nitamwekea makaa yasiyo na moshi."

Laiti bwana angekasirika. Alipokea mayai, akasema kwa upole, "Gereji si nyumba ya watu. Na harufu ya ugonjwa haitoki."

"Asante, bwana," baba akajibu. Asante! Mpaka leo sijui alishukuru nini.

Mama alikufa gereji ikiwa tupu, imefungwa kwa kufuli.

Kwetu mwenye mafiga akifa, moto wake humwagiwa maji, na hauwashwi tena mpaka matanga yaishe. Waliofiwa hupikiwa na majirani. Jirani atakuletea ugali, atakuletea hata blanketi, lakini kaa la moto halitoki kwake kwenda mikononi mwa aliyefiwa. Tulikuwa Wakristo, tena wa kuimba kwaya, lakini hilo hakuna aliyelivunja.

Tukiwa bado kwenye mikeka, gari likarudi kutoka Makambako, limepona. Bwana alituletea pole, na ndani ya pole hiyo mlikuwa na agizo: usiku kutaganda, gari lisikose moto. Baba alizunguka kwa majirani na debe lake. Walimtazama, wakalitazama debe, wakaingia ndani.

Shangazi, dada yake, alimsihi. "Kaka, kaa chini. Gari halifi kwa baridi."

Hakukaa. Aliingia ndani, akapiga magoti kwenye mafiga ya mama, akakwangua majivu yaliyolowa, akawasha. Alipuliza kwa pumzi yake mwenyewe na kusubiri makaa yaive. Kisha akapita katikati yetu na lile debe, akielekea gereji. Wanawake waliacha kulia. Nilihisi joto la makaa likinipita usoni, nikamchukia.

Baba nimekwisha kumzika, na sijamsamehe. Asubuhi baada ya usiku ule, gari liliwaka mara moja.