Kipande Chetu cha Laga

Mwaka jana nilirudi nyumbani, upande wa Hulugho, kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilifika koo limekauka kwa vumbi la njiani, nikaomba maji, na mtoto mmoja akaniletea chupa ya plastiki ya dukani, iliyokuja na lori kutoka Garissa. Nikamuuliza kama hakuna maji ya silanga. Akacheka, akaziba mdomo kwa adabu, akaniita shangazi kwa Kisomali chetu.

"Eeddo, hayo nani anakunywa?"

Nilicheka naye, nikaifungua chupa. Lakini wewe nitakuambia, maana najua hutachoka kunisikiliza. Sisi tulikunywa.

Silanga yetu ilikuwa bwawa la kuchimbwa, mwendo mfupi kutoka kwenye nyumba zetu. Halikuwa na chemchemi wala bomba. Lilingoja mvua tu. Mvua ikinyesha, maji yalilifuata kupitia laga, ule mkondo wa mchanga ambao karibu mwaka mzima hupitiwa na mbuzi, kisha kwa siku chache ukawa mto wenye kelele. Maji yaliingia yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyaacha yatulie kwenye pipa hadi tope lishuke, halafu akayamimina katika chombo alichokwisha kukifukiza moshi. Hadi leo nikinusa moshi wa kuni zile, ulimi wangu hudhani unakunywa maji.

Bibi yangu, ambaye sote tulimwita ayeeyo, ndiye aliyekuwa mlinzi wa silanga. Hakuna aliyemchagua. Ni kwamba tu alishindwa kunyamaza. Mwanamke akifua nguo karibu na maji, ayeeyo alimkaripia mpaka anaokota sabuni yake na kuondoka. Mchungaji akiruka uzio wa miiba badala ya kunyweshea mifugo kwenye birika la nje, alisikia sauti yake kabla hajamwona. Betri za redio zilizokufa alizichukia kuliko fisi. Akiona moja imetupwa mchangani, aliizungusha nyumba kwa nyumba akiuliza mwenyewe ni nani. "Maji hayasahau yalikopita," alikuwa akisema.

Ndiyo maana laga nzima iligawanywa. Kila familia ilikuwa na kipande chake, na kiangazi kikielekea kwisha, mawingu yakianza kujikusanya, kila mtu alikwenda kusafisha chake kabla ya mvua. Tulifagia samadi, tukaokota mifupa, makopo, kandambili zilizokatika. Wanaume walikata miiba na kuziba matundu ya uzio. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na raha yake: wanawake walipigana utani kutoka kipande kimoja hadi kingine, na saa ya kupumzika chai ilichemka, nyeusi, yenye iliki na sukari nyingi, hata mwaka ambao maziwa hayakuwepo.

Kipande chetu kilianzia kwenye mgunga ulioinama hadi kwenye kona ya laga.

Mwaka ninaokusimulia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa darasa la nne. Ukame ulikuwa umetumaliza. Baba alikuwa mbali na ngamia, akifuata fununu za majani, na mama alikuwa amejifungua juzi tu. Silanga ilikuwa imebaki tope lililopasuka kama kisigino, na mbuzi wetu walikufa mmoja baada ya mwingine, wengi wao humo humo kwenye laga, walikokwenda kutafuta kivuli. Kazi ya kuwaondoa ikawa yangu na ya ayeeyo. Tulitakiwa kuwaburuta hadi ng'ambo ya mwinuko, kwenye shimo la kuchomea mizoga, ambako maji ya mvua yangeteremkia upande mwingine.

Ayeeyo alivuta mpaka mgongo ukamkatalia. Akaketi, akaniambia nimalizie mmoja aliyebaki.

Usinihurumie bure. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na huzuni kwa ajili ya yule mbuzi. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, na shimo lilikuwa mbali. Nikamsukuma chini ya kichaka pembeni mwa laga, nikamfunika kwa matawi, nikarudi.

"Umemaliza?" ayeeyo akaniuliza.

"Nimemaliza."

Akatazama upande nilikotoka. Akatazama kwa muda. Kisha akainuka, akajikung'uta vumbi, akawatangazia majirani kwamba kipande chetu ni safi.

Mvua ilifika kesho yake asubuhi. Sijui nikuelezeje furaha ile. Watu wazima walitoka nje wakasimama tu, wamefunua nyuso. Tulisikia laga kabla ya kuiona, mvumo kama wa malori mengi, halafu maji yakaja yakisukuma povu mbele yake. Hadi adhuhuri silanga ilikuwa imeanza kujaa. Watu walikunywa kwa viganja, wakacheka, wakamshukuru Mungu. Nami nilikunywa, nikaapa moyoni kwamba matawi yale yamemshikilia mbuzi pale pale.

Siku ya tatu alielea katikati ya bwawa, amefura.

Mbuzi wetu walikuwa na alama, mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Walipomvuta ukingoni, mzee mmoja aliinua lile sikio kwa ncha ya fimbo, na hakukuwa na haja ya kuuliza. Hata hivyo aliuliza.

"Alama hii ni ya nani?"

"Ni yetu," ayeeyo akajibu.

"Ulitutangazia kwamba kipande chenu ni safi."

"Nilitangaza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilidanganya."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika shuka lake. Wanawake aliowafukuza na sabuni zao walikuwa pale, wanaume aliowatukana kwa sababu ya betri walikuwa pale. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Kufikia hapo watoto walikwisha kuanza kuharisha. Mtoto wa jirani yetu, mchanga, ndiyo kwanza anajifunza kuketi, ndiye aliyezidiwa kuliko wote. Macho yalimzama, akawa halii tena. Muuguzi wa zahanati, binti wa kutoka bara, alikuja na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, akaamuru kila tone lichemshwe.

"Nimesikia, binti," ayeeyo akamwambia kwa Kiswahili chake. "Chemsha. Mbaka lini?"

"Mpaka nitakapowaambia, mama."

Tulipobaki wawili, nilimwambia ayeeyo kwamba ni mimi niliyedanganya, si yeye. Nililia sana. Nilitarajia aniambie kwamba alitaka kunifichia aibu.

"Nilijua," akasema. "Nilimwona tai akitua kwenye kichaka kile. Nikajiambia mgongo unauma, nitakwenda kesho. Wewe ulikuwa mtoto aliyechoka. Mimi nilikuwa mtu mzima anayejua." Akanifuta uso kwa kiganja chake kikavu. "Kosa lako ni lako. Kalipeleke mwenyewe."

Nikaenda kwa jirani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani, akimdondoshea maji kwa kijiko, tone baada ya tone. Nilimweleza yote nikiwa mlangoni. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitamani anipige.

"Chukua ile jerikeni," akasema mwishowe. "Maji yamekwisha."

Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya shule, mimi na ayeeyo tulichimba visima vidogo kwenye mchanga, hatua kadhaa kutoka ukingo wa silanga, tukangoja maji yachuje yenyewe, yapande polepole, maangavu. Tulichota kwa kikombe, tukachemsha, tukapeleka kwa jirani kwanza, kisha kwa wenye watoto wagonjwa. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi. Ayeeyo hakukaripia mtu siku zile, na ukimya wake uliniumiza kuliko lolote.

Asubuhi moja tulipokaribia nyumba ya jirani tulisikia mtoto akipiga kelele. Nilisimama, nikamshika ayeeyo mkono. Jirani akatoka nje, nywele timutimu, akicheka.

"Msikilizeni! Anataka kula! Amenikasirikia!"

Ayeeyo aliketi chini pale pale, mchangani, jerikeni kando yake, akafunika uso kwa mtandio.

Kiangazi kilichofuata tulipewa kipande chetu kama kawaida. Hakuna aliyetuvua. Ila siku tuliyomaliza, jirani alikuja akakipita hatua kwa hatua, akiinua kila tawi kwa fimbo, na ayeeyo akaketi kando akimngoja kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa daftari. "Ni safi," jirani akatangaza. Tangu mwaka ule ikawa ndiyo desturi: hakuna anayejitangazia mwenyewe, jirani ndiye hukutangazia. Na ayeeyo akaanza tena kuwafokea watu wa betri. Alhamdulillahi, hata mimi nilifurahi.

Siku ya pili ya harusi nilitoroka kelele za ngoma, nikaenda peke yangu kwenye laga. Mgunga ulioinama umekatwa ukachomwa makaa. Malori ya mchanga yamechimba mashimo, na ndani yake mna nepi, mifuko, makopo ya mafuta. Mizoga pia, ya kiangazi kilichopita, hakuna aliyeihamisha. Ayeeyo alifariki zamani, jirani alihamia mjini, na nilipouliza ni lini mara ya mwisho watu walifagia, nilijibiwa kwamba kazi hiyo ni ya mradi, na mradi haujaja.

Wasichana wawili walikuwa wakipita na mikokoteni ya punda. Niliwauliza pale tuliposimama ni kipande cha nani. Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa upole, kama anayenionea huruma:

"Si cha mtu, eeddo."

Nilibaki nimesimama pale, mama mzima, nguo za harusi mwilini, nikitamani atokee mtu yeyote nyuma yangu anikaripie.