Sufuria ya Ba Iliyogombea Ubunge

Sufuria ya presha ikianza kupiga filimbi, mimi huacha ninachokifanya na kusimama kimya. Si kwamba naogopa dengu zitaungua. Ni mazoea ya zamani tu. Jioni hii nimetoka kazini miguu imevimba, ghorofa yangu ya Queensbury ina baridi kwa sababu hita imeamua kupumzika kabla yangu, na mvuke wenye harufu ya bizari na kitunguu saumu umeziba vioo vya dirisha. Filimbi inalia. Nami narudi kwenye sebule yetu ya Kingsbury, ambako watu wazima walikaa wamebana pumzi wakiingoja filimbi kama hiyohiyo, babu yangu akiwa ameweka kidole juu ya kitufe cha radio kaseti.

Msicheke bado. Nitaeleza.

Babu tulimwita Bapa, na bibi tulimwita Ba. Bapa alizaliwa katika kijiji kiitwacho Kesarpar, kule Gujarat, akaja Tanga angali kijana kuuza dukani kwa mjomba wake. Ba alizaliwa hapohapo Tanga, na India aliijua kama mimi ninavyoijua mbingu, yaani kwa kuhadithiwa. Wakaoana, wakafungua duka lao, na baadaye wakahamia London kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani Kigujarati kilikuwa lugha ya sala na ya wageni, Kiingereza lugha ya shule na ya mambo ya serikali, na Kiswahili lugha ya kugombana. Ba aligombana vizuri sana, ndiyo maana Kiswahili changu si haba.

Kila Jumapili, baada ya chakula, Bapa alitufundisha uchaguzi. Sio wa Uingereza. Kituo cha kura cha mtaa wetu kilikuwa shuleni kwangu, hatua chache kutoka mlangoni, na sikumwona Bapa akienda hata mara moja. "Huku mimi mgeni," alisema, na miaka ilikuwa imepita mpaka alikuwa na meno ya bandia ya hukuhuku. Uchaguzi wake ulikuwa wa kiti cha Kesarpar katika bunge la Gujarat. Historia ya kiti kile aliijua kama watu wengine wanavyozijua nasaba za koo zao. Kwanza alishinda mpwa wa mtawala wa zamani, kwa kuwa watu walizoea kumwinamia na migongo ilikuwa haijasahau. Kisha wakaja wazee waliovaa pamba ya kusokotwa kwa mkono, wakashinda na kushinda mpaka wakasinzia bungeni. Akafuata mwenye kinu cha mafuta ya karanga. Akafuata aliyeahidi mfereji wa maji. Akafuata aliyesema kwamba yule wa mfereji ni mwongo, naye akaahidi mfereji.

Mfereji haukufika. Wanawake wa Kesarpar waliendelea kuchota kwenye kisima ambacho maji yake yalizidi chumvi mwaka hadi mwaka. Sisi wajukuu tulikaa kwenye zulia tukisikiliza, macho yetu yakielekea kwenye televisheni iliyozimwa, ambako katuni zilikuwa zinatupita. Jamani, nilichoka na kiti kile kabla sijajua bunge ni kitu gani.

Halafu mdogo wake Bapa akaamua kugombea. Huyo alikuwa Jayanti, mwalimu mstaafu aliyebaki kijijini maisha yake yote, mtu mpole wa sauti ndogo. Hakuwa na chama. Alitaka maji tu. Kule India kila mgombea huwa na alama yake kwenye karatasi ya kura, ili asiyejua kusoma agonge muhuri juu ya picha. Vyama vikubwa vina alama zao za kudumu. Wagombea binafsi hugawiwa na tume vitu vya nyumbani: ngazi, feni, cherehani. Jayanti akapewa sufuria ya presha.

Bapa alipopata habari hiyo kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Kwake ilikuwa ishara njema. Siku ileile akaenda jikoni akaichukua sufuria ya Ba, dengu zikiwa ndani, akaileta sebuleni pamoja na jiko dogo la umeme, akatangaza kwamba atawahutubia wapiga kura kwa kaseti.

"Babake Kishor," Ba alisema, akimwita kwa jina la baba yangu, "na chakula cha watoto?"

"Watoto watakula. Kesarpar haina maji."

"Na mimi sina sufuria. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nakwambia."

Tukakaa. Bapa akabonyeza kitufe akaanza kusema Kigujarati cha kijijini ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake, laini, chenye vumbi. Hakuhutubia. Aliwasalimia. Aliwataja wanawake kwa majina, wasichana aliocheza nao utotoni, sasa vikongwe. Alimuuliza mmoja kama bado anaogopa nyati. Alimkumbusha mwingine siku kamba ya kisima ilipokatika, wote wakalia kwa sababu ya ndoo ya mama yake. Aliwaambia anakijua kile kisima, anaijua ile chumvi, na kwamba usiku akifumba macho anasikia gurudumu la kisima likilia. Kisha akasema, "Siku ya kura tafuteni sufuria hii." Akanyamaza, akatuinulia kidole cha onyo, na sote tukangoja. Filimbi ikalia, kali, ndefu, ikajaza chumba. Akabonyeza kitufe. Macho yake yalikuwa mekundu.

Ba akajifuta mikono kwenye upande wa sari. "Hujamtaja mgombea," alisema.

Tulicheka mpaka Bapa naye akacheka. Ilibidi aanze tena pale kaseti ilipoishia, aongeze haraka, nyuma ya filimbi, kama mtu aliyesahau salamu za mwisho: mchagueni mdogo wangu Jayanti. Nilikuwa mtoto, nikaona kichekesho tu.

Kaseti ilisafiri na msafiri, ikafika imechelewa. Ilipigwa kwenye spika juu ya trela la trekta, jioni moja tu, katika kijiji kimoja tu cha jimbo zima, yaani Kesarpar penyewe. Jayanti alishindwa, lakini pale Kesarpar alizoa karibu kura zote. Watoto wa kijiji, alituambia kwenye simu, sasa wakimwona wanampigia mluzi wa sufuria. Bapa alilichukua jambo hilo kama mfanyabiashara. Bidhaa ni nzuri, alisema, ila imechelewa kufika sokoni.

Bunge la Gujarat likavunjwa kabla ya muda wake, na uchaguzi ukaitishwa upya. Safari hii Bapa hakutaka kuchelewa. Hata kabla wagombea hawajatangazwa alikwenda kwa mwenye duka la video pale barabara ya Kingsbury, akatoa nakala za kaseti ileile, akamkabidhi kila aliyekuwa anasafiri. Zikaenda vijiji vyote vya jimbo. Ba alimwambia haraka haraka haina baraka. Bapa akajibu kwamba duka lao la Tanga lilikuwa na picha ya ndovu mlangoni, na mpaka leo mtu wa Tanga akiona ndovu anamkumbuka yeye. Alama, alisema, ukishaizoesha kwa wateja ni yako.

Kwenye maduka ni hivyo. Kwenye uchaguzi sivyo. Alama ya mgombea binafsi si mali yake, hurudishwa na kugawiwa upya kila mara. Siku ya kugawa, muuza mbegu mmoja, ambaye alikuwa hata hajafanya mkutano, naye akaiomba sufuria. Wakapigiwa kura ya bahati. Akaipata yeye. Jayanti akapewa mwavuli, katika nchi isiyopata mvua.

Alipiga simu. Nakumbuka Bapa alivyosimama pale kwenye ngazi, kifaa sikioni, mkono mwingine ukipapasa ukuta. Tukarekodi kaseti mpya mara hiyohiyo, lakini Ba alisema kweli: mwavuli hauna sauti. Bapa aliufungua na kuufunga mbele ya radio, ukatoa mlio wa kuku anayejikung'uta. Jayanti mwenyewe alizunguka vijiji kwa miguu chini ya jua, ameukunjua mwavuli, akiomba kaseti za zamani zirudishwe. Zilirudishwa chache. Waliokwisha kuisikia filimbi hawakuweza kurudishwa.

Matokeo yalikuja asubuhi, mvua ya London ikinyesha. Alishinda mtu wa chama kikubwa. Muuza mbegu wa watu, bila mkutano, alipata kura nyingi sana, na karibu zote zilitoka upande wa Kesarpar. Ukizijumlisha na za Jayanti, kiti kingekuwa chake. Bapa alisikiliza, akasema, "Nimekuua, ndugu yangu." Simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo sote tulisikia jibu la Jayanti, polepole, bila hasira hata chembe.

"Usiseme hivyo, Bhai, kaka yangu. Sauti yako ni nzuri mno. Hata mimi ningeifuata."

Ningependa kuwaambia kwamba maneno yale yalimponya. Yalimmaliza. Kama Jayanti angemtukana wangegombana wakapatana, lakini upole haujibiki. Jumapili zetu zikawa zetu. Televisheni ikawashwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia katuni. Ba aliifungia sufuria ile kwenye kabati la chini na kuchemsha dengu kwenye sufuria ya kawaida, zikachukua nusu ya jioni kuiva, asimwambie mtu sababu. Jayanti hakugombea tena. Ndugu wale waliongea kwenye simu siku za sikukuu tu, wakaulizana hali ya magoti na hali ya hewa. Kiti kikaendelea kubadilisha wakaaji, mashine zenye vitufe zikachukua nafasi ya mihuri, na Bapa hakuuliza nani ameshinda. Alizeeka akitazama barabara, mtu aliyechoka kabla ya siku kuanza.

Alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Mimi na baba yangu tulipeleka majivu yake Gujarat, na njiani kuelekea mtoni kuyamwaga tulilala Kesarpar, nyumbani kwa Jayanti. Alfajiri nilikuwa uani, chungu cha majivu kikiwa kwenye meza ndogo na shada la maua, wakaanza kuingia vikongwe. Mmoja aliyeitwa Jamna, mgongo umepinda kabisa, alikaa chini mbele ya chungu. Kisha akabana midomo isiyo na meno akapiga filimbi. Ile ile. Ndefu, inapanda.

Nilimuuliza kama anakumbuka kosa lile la sufuria.

"Kosa gani?" alisema.

Nikamweleza: kwamba alama ilibadilika, kwamba Jayanti alikuwa mwavuli, nao wakachanganyikiwa kwa sababu ya kaseti.

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa mjini. "Binti, Jayanti alipita mlangoni kwangu na mwavuli wake mara ngapi sijui. Macho yalikuwa mazima wakati ule. Hatukuchanganyikiwa. Jayanti tulikuwa naye. Ashinde, ashindwe, asubuhi tungemwona kisimani. Tuliyekuwa hatuna ni huyu." Akakigusa chungu. "Tulisema sisi wanawake, tukimpa kiti, atakosaje kuja kukikalia?"

Jayanti alikuwa amesimama mlangoni na glasi za chai. Alisikia kila neno. Nilimwangalia, na nikajua kwamba hii haikuwa mara yake ya kwanza kulisikia, na nikajua kwa nini hakukasirika miaka yote ile, na kwa nini hakumwambia kaka yake. Angemwambia nini? Njoo?

"Amechelewa," Jamna alisema, akijikokota kuinuka, "lakini amekuja."

Niliporudi Kingsbury nilimsimulia Ba. Alikuwa anachambua dengu kwenye sinia. Hakuacha kuchambua.

"Sasa unajua kwa nini ilibidi nimkumbushe kumtaja Jayanti," alisema. "Nilimwona siku ile anavyosema na ile radio. Nikasema, loo, huyu mwanamume anaomba kura zake mwenyewe." Akatupa kijiwe pembeni. "Nikaogopa wasije wakampa. Ningefanyaje? Ningemfuata mpaka huko kwenye chumvi, na mimi mtoto wa Tanga?"

Kisha akainama kwa taabu mbele ya kabati la chini, akaitoa sufuria ya presha, mpira wa kifuniko umekauka, akanipakatisha. "Ichukue, uipikie. Mie nimechoka kuificha."

Nilinunua mpira mpya. Ndiyo hii inayolia sasa, na dengu zimeshaiva, na mimi bado nimesimama na koti. Utoto wangu wote niliamini kwamba Bapa aliharibu uchaguzi wa mdogo wake. Kumbe ule ulikuwa uchaguzi wake, wa pekee, na wale wanawake walimpigia kura kwa kukusudia. Naye alikufa akidhani walikosea.