Mlolongo Nyuma ya Jirani

Nimeishi na wivu niliomwonea mwanamke mmoja kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi naye mwenyewe. Alikaa mtaani kwetu Malindi miaka mitatu tu, katikati ya miaka ya themanini, katika chumba cha kupanga kilichotazamana na nyumba yetu. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo, na wote wawili walikuwa watu wa bara.

Mtaa wetu ulikatwa nusu na njia ya mchanga na mtaro uliokuwa pembeni yake. Upande wa juu tulikaa wenyeji, katika nyumba za mababu zetu. Upande wa chini walikaa wapangaji, watu wa bara waliofanya kazi mahotelini na Wagiriama waliohamia mjini kutoka mashamba. Tulipeana salamu za kupitana, basi. Mtaro ulipoziba, kila upande ulisema taka ni za upande wa pili.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nikishona nguo barazani, na hapakuwa na arusi wala msiba upande wetu bila mimi kuulizwa. Nani ana masufuria makubwa, nani aalikwe kwanza, nani asikalishwe karibu na nani, yote yalipitia kwangu. Hivyo ndivyo nilivyojijua.

Siku moja afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunsili, bwana mpole mzaliwa wa Kaloleni, alituita sote uwanjani. Akasema kaunsili inataka kila mtaa uchague kamati yake, na uwe na siku moja kila mwezi ya kufanya kazi pamoja. Sisi tungeanza na mtaro.

"Kuleta vibarua wakauzibua si kazi," alisema. "Lakini vibarua hawatawafanya mujuane. Hebu mtu anitajie jirani wa upande wa pili, na kwao ni wapi."

Wenyeji tukatazamana. Kisha yule mwanamke wa bara akasimama, akaanza kutaja. Aliwajua wa chini na wa juu, wagonjwa wao na watoto wao. Hata mimi alinitaja. "Yule mama anashona. Ndiye alinionyesha vile mahamri inaumuka."

Watu wakacheka kwa mapenzi. Mimi nami nilikuwa nikiicheka lugha yake tangu alipohamia, ila si kwa mapenzi.

Tulipendekezwa wawili kwa uenyekiti, mimi na yeye. Afisa akatusimamisha mbali mbali, na kila mtu akaambiwa apange mlolongo nyuma ya anayemtaka, kama ulivyokuwa mtindo wa siku zile. Sikugeuka. Niliona kugeuka ni kujishusha. Nilisikia nyayo mchangani tu, na masikio yangu yakaniambia zinakwenda wapi. Nilipotazama mwisho wake, nyuma yangu walikuwa shangazi zangu wawili na majirani wachache wazee. Wifi yangu, mke wa kakangu, tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa katikati ya mlolongo wa pili, anatazama kucha zake.

"Hata wewe?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Wifi, usinichukie. Wewe tunakuheshimu. Yule tumemzoea."

Neno lile lilinichoma kuliko kama angenitukana. Kuanzia hapo sikushona mshono bila kuinua macho. Niliona nani ameingia chumbani kwake na amekaa kiasi gani. Wakicheka mle ndani, nilijua wananicheka mimi, ingawa sikuwa na ushahidi.

Siku ya kwanza ya kazi iliwekwa Jumamosi asubuhi. Na mimi nikatangaza kwamba Jumamosi ile ile, asubuhi ile ile, nitamsomea mamangu hitima. Mamangu alikuwa amekufa zamani, na hitima ingeweza kungoja. Lakini nilijua hakuna mtu wa upande wa juu atakayethubutu kushika jembe mimi nikiwa na dua. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kualika, na kila aliyeitikia nilimhesabu moyoni kuwa nimemnyang'anya yule mwanamke.

Alhamisi akaja barazani kwangu.

"Mama, nimesikia unaombea marehemu mama yako. Nimeenda kaunsili nikawaambia siku ya kazi isogezwe. Sasa wamama wa huku chini wanauliza kama wanaweza kukuja kusaidia kupika. Wanaruhusiwa?"

Ningesema nini? Nikasema wanaruhusiwa.

Walikuja alfajiri. Wanawake wa Kigiriama walileta nazi na kuni, na mpishi mmoja wa hoteli akasimamia masufuria ya pilau. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga uani kwetu walikaa wakichambua mchele na shangazi zangu. Haijapata kutokea hitima iliyojaa vile nyumbani kwetu. Na kila aliyekuwa akiondoka alimshukuru yule mwanamke wa bara kwa kuwakusanya watu. Hitima ilikuwa ya mamangu, na sifa zilikuwa zake.

Nikaingia ghalani, nikajifunika uso kwa kanga, nikalia. Wifi akanifuata.

"Unalia nini?"

"Namlilia mama."

Akanikumbatia. Niliona haya ambayo hadi leo haijanitoka, maana ilikuwa mara ya pili wiki ile kumtumia marehemu kuficha roho yangu.

Miezi ikapita, kazi za mtaa zikafanywa, na mimi nilikwenda nikafanya zangu bila kusema na mtu. Kisha mumewe akapata kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni, wakahama. Sitaficha, nilifurahi. Kamati ikanipa uenyekiti bila mlolongo wowote, nami nikaitangaza siku yangu ya kwanza ya kazi kwa sauti kubwa.

Walikuja watu watatu. Mmoja wao alikuwa wifi yangu, na aliondoka mapema.

Nilikaa na aibu ile wiki mbili. Kisha nikapanda gari la asubuhi kwenda Marereni. Nilimkuta nyuma ya nyumba anafua. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, na hilo pia nilimwonea wivu. Niliuma meno nikamuuliza alikuwa akiwafanyia nini watu wetu.

Akaikamua nguo aliyoishika. "Sikuwa nawafanyia kitu, mama. Nilikuwa naomba. Nilikuja kwenu sina kitu, leo naomba chumvi, kesho kinu, kesho kutwa mtu anishikie mtoto. Mtu akishakusaidia, anakuona ni wake. Wewe umesaidia watu wengi. Lakini ni nani amewahi kukusaidia?"

Nilitafuta jina moja la kumtajia, sikulipata.

Niliporudi, nilishuka upande wa chini kwa mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa fundi wa kusuka makuti. Aliponiona mlangoni alishtuka.

"Karibu. Kwani kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Paa la jiko langu linavuja, na mimi sijui kulitengeneza. Nimekuja kukuomba."

Maneno hayo yalinitoka kwa shida. Alikuja kesho yake na jirani zake wawili, nami nikashinda chini ya ngazi nikiwapa makuti na kuambiwa nakosea. Wiki ile nikaomba tena, mahali pengine, na tena.

Siku ya kazi iliyofuata walijaa njiani wa juu na wa chini, na mtaro ukawa safi kabla ya adhuhuri. Baadaye tulikaa barazani kwangu tukinywa chai. Mama mmoja akapangusa jasho, akasema, "Mwenyekiti wetu angeona leo."

Wote wakaitikia. Walikuwa wakimsema yule wa Marereni.

"Angefurahi," nilisema, nikainamia birika nisionekane uso.